Uso wa Jadallah

Mama Jadallah alijaliwa sauti. Sisi tuliojenga vijumba vyetu juu ya paa la hekalu la kale hapa Edfu tuliizoea. Akimwita mwanawe kula, hata wavunaji mashambani waligeuka. Na ole wake Jadallah asiitike. Alimlea peke yake baada ya mumewe kufa, na alimlea hivyo: mama akiita, unageuka, unasema labeka.

Msimu wa baridi akaja Mfaransa na sanduku lake la kupigia picha. Alitaka mtu asimame chini ya nguzo, watu wa kwao wapate kuona ukubwa wake. Akamchagua Jadallah, akamwahidi kumletea nakala.

"Usitikisike mpaka afunike jicho la sanduku," mkalimani wake akamwambia Jadallah.

Jadallah akaganda. Tukaanza kumchokoza.

"Inzi huyo puani, Jadallah."

"Mwacheni bwana harusi, anamngoja mkewe."

Hata kope hakupepesa. Ndipo sauti ikashuka kutoka juu ya paa: "Jadallah! Mlenda unapoa!"

"Labeka, mama," akageuka.

Mfaransa akafoka kwa lugha yake, nasi tukacheka hadi mbavu zikauma.

Kiangazi kikaja na kipindupindu, kikamchukua Jadallah.

"Uso wake unanitoka," mama yake aliniambia siku moja, huku akikanda unga. "Kanzu naiona, miguu naiona. Uso siuoni." Basi akawa anaingoja ile picha. Kila jahazi lililotia nanga alilishukia mtoni, na wasio na haya wakasema amerukwa na akili. Niligombana nao.

Mfaransa alirudi kweli, na picha alikuja nayo. Mama Jadallah alifuta mikono kwanza, ndipo akaipokea. Nguzo ilionekana na michoro yake yote. Kanzu ilionekana, mikunjo yake, hata vidole vya miguu. Juu ya shingo palikuwa na kitu kama moshi.

"Aligeuka," mkalimani alisema kwa upole. "Kinachotikisika hakishikiki."

Nikamwambia, "Umbo ni lake lakini, Mama Jadallah. Yeyote atamjua."

Hakunitazama. Alikuwa akiupapasa ule moshi kwa kidole.

"Nilimfunza mwenyewe kuitika," alisema. "Siku ile moja tu, laiti angenipuuza."