Karanga za jirani

Jana mama mukwe aliwekea binti yangu filme ya bulozi, ya bachawi. Nilizima televizio mbele yake.

Mimi pia nilikuwa mudogo hivyo, kwetu Kasungami, ile mangaribi tantine, dada ya mama, alifunga mulango na ufunguo akatukalisha tuangalie. Nyumba ilinuka samaki ya kukauka. Katika filme, jirani alipatia mutoto karanga, mutoto akageuka mulozi, bazazi bakamufukuza. Na mimi nilikuwa nimetoka kula karanga za jirani.

Tantine akaniuliza: « Juu ya nini unajificha nyuma ya kiti? Sema, tantine anasikia. »

Nilijua mulozi ni mimi.

Filme ya woga iko ya maana kama inaisha ukiizima. Ile ya tantine haikuisha.

Mama mukwe angali ananuna. Binti yangu aliuliza tu: « Mama, ule mutoto benye bamefukuza atalala wapi? »