Tuta Lililopungua

Kwa miaka mingi mdogo wa mzee Pyo Dal-su ndiye aliyekuwa akienda Yeongwol kufyeka makaburi ya wazazi kabla ya sikukuu ya mavuno. Alipofariki, akaondoka na njia kichwani. Mwaka uliofuata Dal-su, mzaliwa wa kwanza, alikwenda mwenyewe na kurudi bila kumwona marehemu yeyote.

"Sikupotea," alieleza nyumbani. "Barabara ndiyo iliyohamishwa."

Ndipo mwanawe In-cheol akatoa sharti. "Baba, safari hii naja nawe. Ukiwapata Babu na Bibi bila simu na bila kuuliza mtu, wanabaki mlimani. Usipowapata, baridi ikiisha tunawafukua, tunawachoma, wanahamia jumba la majivu kule Wonju. Kuna lifti."

Sasa Dal-su alishika usukani kama mtu anayening'inia. Nje mpunga ulikuwa unaanza kugeuka dhahabu, pilipili zimeanikwa kando ya lami, maua yameinamia barabara kwa adabu. Hakuna aliyeyatazama. Nyuma, mkewe Guk-ja alipakata peasi na samaki mkavu wa tambiko.

"Baba In-cheol, banda hili la ng'ombe tumelipita tayari."

"Ni jingine."

"Na ng'ombe ni wale wale? Yule mwenye doa ameanza kutuzoea."

In-cheol alicheka puani. Simu yake ilikuwa imelala kifudifudi mapajani, ikingoja zamu yake.

Dal-su akakata kushoto, kwa sababu kulia alikuwa amekwisha kujaribu. Kijia kikapanda, misonobari ikatokea, kisha mteremko uliojaa nyasi zinazofika kifuani. Moyo ukamruka. "Hapa!" alisema, kwa sauti kubwa kuliko uhakika aliokuwa nao.

In-cheol akawasha mashine ya kufyekea. Guk-ja akazipiga nyasi kwa fimbo, kutafuta manyigu. Dal-su akafuata na reki, akinyoosha mgongo kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Nyasi zikaanguka, tuta la kaburi likajitokeza, la mviringo, zuri. Akangoja la pili. Nyasi zikazidi kuanguka. La pili halikuja.

Mama yake alizikwa pembeni ya baba yake. Matuta mawili. Alikuwapo mwenyewe.

Mashine ikanyamaza. "Mbona moja?" In-cheol aliuliza, akijifuta shingo. "Bibi yuko wapi?"

"Tuliwaunganisha," alisema Dal-su. Uongo ulitoka laini, na haukuwa wa ajabu; koo nyingi hufanya hivyo. "Mwaka ule wa mafuriko. Wewe ulikuwa jeshini."

In-cheol akainamisha kichwa kwa heshima isiyo ya kawaida. "Basi umeshinda, Baba."

Guk-ja akamtazama mumewe, kisha tuta. Alitandika mkeka, akapanga peasi, akajaza kikombe pombe ya mchele, akamkabidhi mumewe kwa mikono miwili. Ilibaki kumwaga na kuinama.

Dal-su aliinua kikombe. Alifungua kinywa amwite baba yake, akakifunga.

"Si huyu," alisema.

"Si nani?"

"Huyu si baba yangu. Sijui ni baba wa nani."

Upepo ulipita kwenye misonobari. Guk-ja ndiye aliyeanza: "Afadhali hukumwita. Angeitika, tungefanyaje?"

In-cheol alilitazama kaburi la watu, safi kama kichwa cha kuruti. "Wenyewe wakija watagombana nani kalifyeka. Kila mmoja atasema ni yeye." Kisha akamgeukia baba yake. "Unajua maana yake."

"Najua. Wapeleke Wonju." Dal-su alimwaga pombe ile kwenye tuta hata hivyo, bila jina, kwa kuwa mwenye kaburi alikuwa amesumbuliwa. "Lakini humfukui mtu usiyejua alipolala. Beba mashine."

In-cheol akawasha simu. Ramani ikaonyesha rangi ya kijani tupu na kitone kimoja, wao. Akaizima. Wakapanda mlima watatu, wakitenganisha nyasi kwa mikono, mzee mbele, wakitafuta wawili.