Kanga ya Mama na Sheria ya Warumi

Safari yangu ilitokana na kanga. Wiki mbili nyuma nilikwenda Fairfield, kitongoji cha jiji letu huku ugenini, kumpongeza rafiki yangu Mkongo, Mama Neema, aliyejifungua. Nilijifunga kanga ya marehemu mama, nikasaidia kupika kama kwetu Tanga. Kazi ilipoisha nikaikunja, nikaiweka mkekani, nikaondoka nimeisahau. Nikaitafuta kila mahali. Kumbe kwao nguo inayowekwa kwenye mkeka wa mzazi ni zawadi! Alhamisi Mama Neema, ambaye ni fundi cherehani, akanitumia picha: kanga imekuwa blauzi. Akaandika asante nyingi. Nilikaa chini sakafuni jikoni.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, nikapanda treni Liverpool ninakoishi, ya huku, si ile ya Uingereza. Sikwenda kwake moja kwa moja. Mimi niliishia darasa la saba, na nikisema kwa hasira huwa nakosea. Nilitaka kwanza kujua haki yangu.

Nikabadilisha usafiri mjini, saa nne nikashuka kwenye tramu Kensington. Hapo chuo kikuu binti wa kaka yangu, Rehema, anasomea sheria. Alinisikiliza, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Shangazi, kesi yako Warumi wa kale walishaijadili."

"Kesi ya kanga?"

"Ya sufu. Mtu kachukua sufu ya mwenzie kafuma vazi. Vazi la nani?"

"La mwenye sufu, kuna swali hapo?"

"Lipo. Walisema, kitu kikiweza kurudi kilivyokuwa, ni cha mwenye mali. Kikombe cha dhahabu huyeyushwa kikarudi kuwa dhahabu. Lakini mvinyo haurudi kuwa zabibu, basi ni wa aliyeutengeneza, na wewe akufidie."

Nilipigwa na butwaa. Watu waliooza zamani, hawakuniona wala kumwona mama, wananipokonya kanga! Rehema akanituliza: sheria ya hapa ilitoka Uingereza, ila majaji huazima mawazo ya Warumi, na hata wasomi hawakubaliani kwa yote. Naandika alivyosema, huenda mengine sikuyaelewa.

Saa saba mchana, Fairfield. Mama Neema alifungua mlango ameivaa. Imempendeza, lazima niseme kweli.

"Dada! Ile kado yako, angalia! Nimeishona muzuri?"

"Mama Neema, haikuwa zawadi. Ilikuwa ya marehemu mama. Niliisahau."

Akashika mdomo. "Yesu wangu! Na miye nimeikata! Ngoja nivue, nitaifumua yote."

"Ukiifumua haitakuwa kanga," nikasema, nikashangaa kujisikia nawatetea Warumi. Na aliyeiweka mkekani ni mimi.

Akaingia chumbani analia, akatoka na ukanda mrefu wa kitambaa. Hakutaka maandishi kwenye blauzi, kwa hiyo jina la kanga alilikata lote pamoja. "Sikuitupa, dada. Nilizani ni sala."

DUA YA MAMA HAIPOTEI. Hakuna herufi iliyoguswa na mkasi.

"Hiki hakijageuka kitu kingine," nikasema. "Hiki changu. Blauzi ni yako."

"Sheria inasema hivyo?"

"Ya Warumi."

"Hao wanasali kanisa gani?"

Tulicheka huku machozi yanatutoka.

Saa kumi nilikuwa kwenye treni ya kurudi, ukanda nimejifunga kichwani. Sijui kama nilitenda haki au nilishindwa tu. Nilichojifunza ni kidogo: kabla ya kudai chako, tazama kwanza ni kipi bado kimebaki chako. Mimi nilikwenda kudai nguo, nikarudi na maneno ya mama.