Chumvi ya Mama Mkwe na Kamera ya Baridi

Mke wangu alinipa mpaka Krismasi. Pesa tulizoweka za kununua ndama wa gredi nilikuwa nimezinunulia kamera ya nyota, naye badala ya kunifukuza akanipa sharti: ifikapo Krismasi niwe nimepiga picha moja ya kweli, ya kutundikwa ukutani bila aibu. La sivyo kamera inauzwa, ndama ananunuliwa, na mimi nanyamaza milele. Nilikubali haraka mno. Mapenzi hayana macho.

Kuichagua kamera hiyo kulikuwa kumenichukua miezi. Picha ya wingu la mbali huko angani huchukua dakika nyingi, na kamera ikipata joto huanza kuona vitu visivyokuwepo, kama mtu mwenye malaria. Kwa hiyo nilitaka ya kujipoza, inayoshuka hadi nyuzi kumi chini ya sifuri. Kuna za rangi, na kuna za nyeusi na nyeupe zinazotaka vichujio na subira. Subira sina. Nilichukua ya rangi. Ilipofika kwangu Endebess, jirani aliigeuzageuza mkononi.

"Bana, si hii ni kopo ya maziwa? Sasa unachungulia wapi?"

Haichunguliwi popote! Haina hata kitufe. Waya mmoja unaenda kwenye laptop, mwingine kwenye betri ya gari, na upande mwingine inakaa nyuma ya darubini. Siku hiyo nilicheka peke yangu mpaka mbwa akaondoka barazani.

Jumapili moja alasiri mke wangu alinikuta sebuleni, kamera imefunikwa kifuniko, inapiga picha.

"Unapiga nini?"

"Giza."

"Mchana?"

Nilimweleza kwamba mradi baridi ni ile ile, giza la mchana ni sawa na la usiku. Picha hizo huonyesha madoa ya kamera yenyewe, nami nitayaondoa baadaye kwenye nyota. Alisikiliza vizuri sana, kisha akaenda kumpigia dadake simu.

Kuitunza ndiko kulikonishinda. Ndani yake mna chembe za kunyonya unyevu, maana penye baridi kali unyevu hugeuka barafu. Nilifungua kifuniko chake kidogo nizikague, nikakirudisha bila kukikaza. Halafu nikaiweka kamera mahali salama kuliko pote, chumbani tunakolala. Lakini ilikuwa Novemba, na Novemba huku kwetu mahali salama kuliko pote ndipo penye magunia ya mahindi. Yalikuwa kumi na manne, yametoka shambani juzi, na kamera nikailaza juu yao.

Siku mbili kabla ya Krismasi tulienda kwa wakwe zangu karibu na Sirisia, ambako anga ni jeusi vizuri, na gunia moja la mahindi yale tukalibeba kama zawadi. Mama mkwe na mimi hatupeani mikono wala hatukai chumba kimoja. Ndivyo heshima ilivyo kwetu. Akiwa na neno kwangu humwambia binti yake, hata nikiwa hatua tatu kutoka pale nasikia kila kitu.

Jioni hiyo nilipiga picha wingu la Orioni. Katikati ya picha likachanua ua jeupe, zuri ajabu, ambalo sijaliona kwenye ramani yoyote. Niliruka. Nikaelekeza darubini kwenye nyota za Kilimia, na ua lingine! Nikarusha picha zote mbili kwenye kundi la WhatsApp la wakwe na kuandika kwamba huenda nimegundua kitu. Mashemeji wakanipongeza, hadi wale wa Chwele.

Asubuhi nikasikia sauti ya mama mkwe kutoka jikoni. "Muulize mume wako. Hii ua mbona kila picha iko katikati? Inamfuata?"

Nilizifungua tena picha zote mbili: katikati, na katikati.

Yeye wakati huo alikuwa akipima mahindi yetu, maana hapokei mahindi ya mtu bila kuyapima. Hutia konzi moja kwenye chupa kavu ya soda, anaongeza chumvi, anatikisa. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi yana maji. Ilikuwa imeshika chupa nzima.

"Hii mahindi ni mbichi. Na kopo yake ililala wapi?"

"Juu ya hii mahindi," mke wangu akajibu.

Kicheko kilichotoka jikoni mle, cha mama na binti, kilidumu muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu. Ua langu lilikuwa barafu ya unyevu wa mahindi, ulioingia penye kifuniko nisichokikaza. Nilifuta picha kwenye kundi, nikiwa nimechelewa sana, kisha nami nikacheka mpaka nikakaa chini. Mke wangu alipomweleza habari za zile chembe, mama mkwe aliagiza aletewe. Akazikaanga kwa makaa machache, taratibu kama njugu, akazirudisha kwa mkono wa mke wangu zingali moto. Safari hii kifuniko nilikikaza hadi vidole vikauma.

Jioni ya mkesha wa Krismasi mke wangu alibeba laptop hadi jikoni kwa mamake, waya mrefu ukinifuata uani. Nilisimama gizani nikiogopa kama mtahiniwa. Picha ya kwanza ikafunguka huko ndani: wingu jekundu la Orioni limetanua mabawa, halina doa. Nililiona kupitia dirisha, nikapiga kelele.

Mke wangu akaanza kusema kitu kuhusu ndama, sauti yake ikiwa laini kuliko nilivyotarajia, lakini mamake akamkata.

Kwetu ng'ombe wa mahari hutoka kwa mkwe kwenda kwa mama mkwe. Sijawahi kusikia mmoja akirudi.

"Ile ndama yangu nyekundu mtaenda nayo," alisema. "Na wewe, usiuze hiyo kitu. Nataka kuona zingine."

Hakumwambia binti yake aniambie. Aliniambia mimi.