Niliweka Namba Yangu kwenye Tovuti ya Dada

Kosa ni langu. Niliseme mapema kabla sijaanza kulipunguzia bei, maana kupunguza bei ndiyo kazi inayonilisha.

Gharama yake nimeijumlisha mara mbili, jibu ni lilelile: ndoo thelathini na nane za asali, jina zuri la binti wa watu, na dada yangu mkubwa. Huyo wa mwisho bado hajajua kwamba amenipoteza. Leo ni Alhamisi. Jumatatu haitapita kabla hajajua!

Mimi ni dalali wa kuku wa kienyeji hapa Singida mjini. Kuku wanatoka vijijini, wanunuzi wanatoka mbali, mimi nasimama katikati. Sheria yetu ni moja tu: muuzaji na mnunuzi wasijuane. Wakishapeana namba za simu, dalali umekufa, bado kuzikwa.

Dada anakaa kijijini, Issuna. Ndiye aliyenilea mama alipofariki. Ni mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wanaofuga nyuki, wapo thelathini na mmoja. Mwaka jana walichoka kupangiwa bei na mnunuzi mmoja anayekuja kila msimu. Wakaamua watengenezewe tovuti, wanunuzi wawapigie wao wenyewe. Wakachanga, kisha wakatafuta mtu mjanja wa kwenda kupatana, dada akanidhamini mimi.

Hebu fikirini! Watu wanataka kumkwepa dalali, halafu wanamtuma dalali!

Ofisi ya wale watengeneza tovuti ni chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la bati na misumari. Watu wawili, kompyuta mbili, feni moja inayozunguka ikipenda. Mwenye ofisi nitamwita Rehema, si jina lake.

"Shikamoo baba, karibu."

"Marahaba. Punguza."

"Hata sijataja bei, baba."

"Najua. Punguza."

Alicheka mpaka akafuta machozi. Tukapatana karibu saa nzima. Ili bei ishuke nikaondoa picha tatu, nikaondoa maelezo ya Kiingereza, nikaondoa hata rangi moja! Lakini kitu kimoja alikigomea. Rehema hagusi kazi mpaka aandike kwenye karatasi kila kitakachoonekana, jina, picha, namba ya simu, kisha karatasi iende kwa wenye mali, mwenyekiti asaini, irudi.

"Issuna ni mbali, mwanangu. Toa hiyo karatasi, na bei ishuke kidogo."

"Hiyo siiuzi, baba, kwa hiyo siwezi kuipunguza. Tovuti ni mlango wa mtu. Nitauwekaje bila kumuuliza mwenye nyumba?"

Tulipofika kwenye mstari wa simu, nikataja namba. Haikuwa ya dada. Ilikuwa ya laini yangu ya pili, ambayo hata mke wangu haijui. Nilijiambia ni ya muda, mpaka wanawake wazoee biashara. Uongo! Miaka kumi na tisa nimesimama katikati, nilishindwa kukaa pembeni hata mara moja.

Ile karatasi haikufika Issuna. Niliisaini stendi, nimeiweka juu ya tenga la kuku. Nikaandika jina la dada yangu, na mbele yake saini ya kukoroga, kama ya mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Jogoo mmoja akatoa shingo nje kunitazama. Ndiye shahidi pekee, na nilimuuza siku hiyohiyo.

Kesho yake nikairudisha. Rehema akaisoma yote kwa sauti.

"Na hii namba ni ya mwenyekiti?"

"Ni yake."

Jamani, ulimi kweli hauna mfupa!

Tovuti ikatoka nzuri. Dada yupo pichani, ameweka mkono juu ya mzinga, anacheka. Wao Issuna hawajaiona, simu zao ni za vitochi. Simu zikaanza kuingia. Huyu chupa mbili, yule chupa tano. Nikawa naongeza changu juu kidogo, nawapelekea. Dada akiniuliza nimewatoa wapi, namwambia ni wateja wangu wa kuku.

Halafu akapiga mama mmoja wa Dodoma, mwenye duka. Alitaka ndoo zote. Zote! Sharti lake ni kwamba aje aione mizinga na aongee na wanawake wenyewe.

Siku ya kwanza nikamwambia barabara imeharibika. Siku ya pili nikakipa kijiji kizima msiba. Siku ya tatu nikaona nimalize, nikamwambia mwenye asali ni mimi.

"Kwenye picha naona wanawake watupu," akasema. "Wewe ni yupi hapo?"

Nikamuuliza kama Dodoma mvua zimenyesha.

"Mwenye mali haogopi kuonyesha mali yake, kaka." Akakata simu. Nilimpigia mara kumi na nne. Hakupokea hata moja.

Kumbe huko Issuna walishamwambia yule mnunuzi wa msimu aende zake, wana tovuti sasa. Dada alikuwa ananipigia kila Ijumaa: "Mdogo wangu, bado tu?" Namjibu, "Mambo ya mtandao yanataka subira, dada." Asali ikaganda ndooni. Wapita njia wakaitazama wakasema imechanganywa na sukari. Mwishowe iliuzwa kwa bei ya kuokoa ndoo. Mmoja wa wale wanawake alitegemea fedha hiyo amnunulie mwanawe sare ya kidato cha kwanza. Mtoto hadi leo hajaripoti shule.

Wiki iliyopita wanawake wanne wakaja mjini, dada mbele, mimi mkiani. Laini ya pili nilikuwa nimeizima. Wakapanda zile ngazi, wakakuta wateja wawili wamekaa na bahasha zao.

"Umekula jasho letu, binti!"

 Rehema akafungua kompyuta, akasoma namba iliyoko kwenye tovuti.

"Hiyo hatuijui!" wakasema kwa pamoja.

Akaipiga. Haipatikani. Akavuta droo, akatoa karatasi, akampa dada.

Dada akapitisha kidole juu ya jina lake. "Hii si saini yangu. Umeandika jina langu kwa mkono wako?"

"Si mimi, mama. Aliyeileta ni huyu hapa."

Wote wakanigeukia. Nafasi ya kusema kweli ilikuwa hiyo, na hakuna aliyeniziba mdomo! Nikasema, "Karatasi hii naiona leo."

Dada akasimama kati yangu na yule binti. "Usimsingizie mdogo wangu. Huyu nimemnawisha uso kwa mikono hii. Nimemkatia ugali wangu katikati. Huyu hawezi kuniibia."

Nilitamani sakafu ipasuke, niyaangukie yale mabati ya duka la chini.

Wale wateja wawili walibeba bahasha zao, wakaondoka. Nasikia hawajarudi.

Nilikuwa wa mwisho kushuka. Rehema akanifuata hadi mlangoni. Hata sauti hakupaza.

"Baba, laini husajiliwa kwa alama ya kidole. Kidole hakina dalali. Sitaki ufungwe, nataka jina langu. Nenda kamwambie mwenyewe."

Jumatatu dada anaipeleka karatasi polisi, kumshtaki binti kwa kughushi. Nikisema, wenzake watamvua uenyekiti, maana ndiye aliyenidhamini kwao. Nikinyamaza, binti asiye na kosa atalala ndani kwa mwandiko wangu, mpaka watakapouliza laini ni ya nani. Nimepima huku na huku, mara mbili. Hakuna upande wenye nafuu! Sasa hivi kuku nawauza kwa bei ya kwanza ninayotajiwa. Wenzangu sokoni wananiuliza kama naumwa.

Ndugu yangu unayetumwa na watu wako, peleka ulichopewa kama kilivyo. Na wewe uliyemtuma mtu, ukisikia anayekutengenezea tovuti anadai usome na usaini mwenyewe, panda gari uende. Si msumbufu huyo. Anakukinga na watu kama mimi.

Jana nilimpigia dada niseme yote. Nikaanza, "Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Umekula?"

Nikakata simu.

Jumapili asubuhi nataka niwe Issuna. Mtu anayekuuliza kama umekula, unamwambiaje jambo kama hili? Nishaurini, nakuombeni! Nahitaji neno moja tu la kuanzia, linalokuja baada ya marahaba. Mwenye nalo ataje bei yake. Sitaipunguza.