Msiba wa Pikapu Yangu

Pikapu yangu ilizimika Puge, ikavutwa na trekta hadi uani kwangu Tabora, isiwake tena. Mke wangu akaita wanunuzi wa vyuma chakavu. Roho iliniuma, maana kitindamimba wetu alizaliwa humo humo, tena tukiwa gia ya tatu. Basi walipofika, jirani yetu Mzaramo, mtani wetu sisi Wanyamwezi, akaja akajilaza nyuma ya pikapu, kama watani wanavyojilaza kaburini msibani hadi walipwe.

"Marehemu hatoki bila jogoo!"

"Shemeji, shuka, hilo ni gari," mke wangu akasema, huku akienda bandani kumkamata jogoo. Hakumkuta. Nilishamficha chini ya boneti, naye akawika kutoka humo.

"Mmesikia?" mtani akawapigia kelele wanunuzi. "Kumbe yu hai!"

Wakaondoka. Pikapu bado ninayo, ila jogoo hataki kushuka.