Mistari ya Wagonjwa

Baba alimwita dada yangu mchawi. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikimpikia, jina hilo nililisikia asubuhi kwenye chai na jioni kwenye chakula. "Yule mchawi kapita barabarani." "Yule mchawi siku hizi ana baiskeli, umeona?" Ukimwambia, "Baba, yule ni mwanao," anakukata kauli: "Mwanangu hafugi kutu."

Kutu aliyoisema si ya mabati. Ni ugonjwa wa ngano, ukungu unaotoa vumbi jekundu kwenye majani na mashina. Mwaka ugonjwa huo ulipofika kwetu, baba aliingia shambani na suruali nyeupe akatoka nayo nyekundu mpaka magotini. Alihangaika kutafuta dawa, na alipoipata ngano ilikuwa imeshakufa. Hakuvuna hata debe moja. Akalitundika bomba lake la kupulizia ukutani stoo, na shamba likaota magugu.

Mwaka uliofuata dada akaajiriwa kituo cha utafiti, ng'ambo ya barabara. Kazi yake? Kuulea ugonjwa uleule! Hata mimi nilimwona hana haya. Alikuwa akiinama na sindano, anadunga maji yenye kutu kwenye shina la ngano, anahamia shina la pili, na majirani wamejaa kwenye uzio wanachungulia. Wakambandika jina, Mama Kutu. Pilipili usiyoila yakuwashiani? Lakini waliwashwa, tena sana.

Sheria ya kituo ni kwamba ukitoka shambani unaoga, ovaroli unaiacha hukohuko, unavaa nguo zako ndipo unakwenda kwenu. Jioni moja dada alisahau kuvua kitambaa cha kichwa. Baba akaliona lile vumbi jekundu kwenye pindo. Alikivuta kitambaa, akakitia jikoni kwenye moto, kisha akatupa sanduku la dada uani.

"Adui kaniulia shamba, wewe unamlisha! Nenda ukaishi naye!"

Dada naye si malaika, msije mkamwonea huruma mapema. Hakulia, hakuomba radhi. Aliokota sanduku akasema, "Siku utakayotaka kujua ninafanya nini, utanitafuta," akaenda zake. Tangu siku hiyo wakikutana barabarani dada anasema shikamoo, baba anatazama mbele kama aliyesalimiwa na jiwe. Miaka ikapita hivyo. Nilichoka nao wote wawili.

Dada alipanga chumba nyuma ya fundi baiskeli, kitanda na jiko na buti mlangoni. Huko ndiko alikonieleza kazi yake, tena kwa ukali, utadhani mimi ndiye niliyemfukuza. Kituoni walikuwa wamechukua kinga kutoka kwa majani ya porini ambayo ni ndugu wa ngano, wakazipandikiza maabara ndani ya ngano yenyewe.

"Kutu ni mwizi," alisema. "Ukimwekea kufuli moja, atautafuta ufunguo mpaka aupate. Sisi tumeweka kufuli kadhaa kwenye mlango mmoja."

"Sasa ugonjwa unauleta wa nini?"

"We mtoto una akili kweli? Utajuaje kufuli ni imara kama mwizi hajaja?"

Basi nikaelewa. Katikati ya shamba walipanda ngano mpya, na kando yake ngano ya kawaida. Kuizunguka yote walipanda mistari ya ngano dhaifu, na hiyo ndiyo dada aliyokuwa akiidunga sindano, ili vumbi liruke kutoka kila upande. Waliiita mistari ya wagonjwa. Ya kawaida ikiungua na mpya ikabaki kijani, wameshinda. Zote zikibaki kijani, hawajui lolote.

Na msimu ule ulikuwa wa mwisho. Kibali cha jaribio kilikuwa kinakwisha, na wakaguzi wangekuja mwisho wa mwezi waone kwa macho yao. Wasipoona tofauti, hakuna msimu mwingine na hakuna mbegu. Dada alikonda hata vidole. Ijumaa moja nilimpitia nikamkuta anacheka peke yake, mtu ambaye kicheko chake nilishakisahau.

"Mistari imewaka, mdogo wangu," aliniambia. "Yote nyekundu. Sasa vumbi linaanza kuruka."

Kumbe na mlinzi wa geti la kituo alikuwa ameona. Huyu mzee naye alikuwa mkulima wa ngano, kutu ikammaliza mwaka uleule ilipommaliza baba, ndipo akaishia kushika funguo za watu. Hakuna aliyewahi kumweleza jaribio ni nini. Alichoona yeye ni ngano ya binti wa rafiki yake inakufa.

Jumapili nilitoka sokoni nikamkuta baba uani anasuuza bomba. Anapiga mluzi! Baba yangu mimi!

"Umepulizia nini, baba? Shamba hatuna."

"Nimemwokoa dada yako." Hakusema mchawi. "Mlinzi kaniambia mistari yake yote imeoza, na wakubwa wanakuja kukagua. Wangemfukuza mbele za watu. Nikasema hapana. Nimekwenda alfajiri, kanifungulia geti, maji kanichotea mwenyewe."

"Umepulizia mistari?"

"Mistari, na ya katikati, yote. Nibakize ili iweje? Mimi nilichelewa dawa. Yeye hatachelewa."

Nyanya zilinidondoka nikazikanyaga. Nikampigia dada simu pale pale. Kabla sijamaliza nilisikia mlango wake ukigonga ukuta.

Jioni baba alivaa shati safi akaweka kiti cha pili sebuleni. Alikuwa anasubiri kushukuriwa, masikini wa Mungu. Dada aliingia na buti zenye matope, hakuamkia. Baba alikuwa ameshaiweka marahaba mdomoni, ikabaki hapo hapo.

"Dawa gani?" dada aliuliza.

Baba akaitaja, tena kwa maringo, maana ni ile kali ya wakulima wakubwa. Dada akashika mgongo wa kiti.

"Ule ugonjwa niliutia mimi kwa mkono wangu. Bila ule ugonjwa hakuna jaribio. Kupanda tena hakuna muda. Umeniua, baba."

"Nimekuua? Mtaa mzima ulikuwa unakucheka!"

"Na wewe ulikuwa unacheka nao!"

"Asante ya punda mateke!" Baba alisimama. "Kama kulikuwa na mambo yake, si ungeniambia?"

"Ningekuambia wapi? Nimekuamkia barabarani miaka yote hii, uliitika lini? Ulinichukia, na kazi yangu ikaenda. Siku moja tu umenionea huruma, umeimaliza."

Akatoka. Baba akanigeukia mimi, kama kawaida yake, nimuunge mkono. Nikamwambia chakula kipo jikoni, ajipakulie.

Dawa ile ilifanya kazi yake, hilo halina ubishi. Mwisho wa mwezi wakaguzi walitembea katikati ya shamba, ngano ya kawaida kijani, ngano mpya kijani. Wakauliza ipi ndiyo ipi. Bosi wa dada akawaonyesha. Wakatikisa vichwa, wakapanda gari lao. Mlinzi akafukuzwa siku hiyohiyo.

Sheria ya ngano ile ni kwamba haitoki nje ya uzio. Jaribio likifa, inang'olewa yote, inachomwa. Dada alikataa kazi hiyo aifanye mtu mwingine. Tulimwona kutoka uani kwetu, na ovaroli yake, anabeba mafungu kwenye moto, na moshi unavuka barabara unaingia mpaka sebuleni.

Baba alitoka na fimbo yake akasimama kwenye kizingiti.

"Mbona wanaichoma?" aliniuliza. "Si imepona?"

"Imepona, baba. Ndiyo maana inachomwa."

Nilimjibu kwa roho mbaya, na nilitaka imchome. Hakunigombeza. Alitazama ng'ambo mpaka mafungu yakaisha na dada akaelekea bafuni kuoga, kama sheria inavyotaka, ingawa sasa hakukuwa na kutu ya kuosha.

"Mpigie mwanangu," baba alisema.

Nikapiga. Simu iliita mpaka ikakatika.

"Piga tena," akasema.